Uingereza ilitoka Ulaya 2020, mbona bado inalipa? Na nchi ikitoka Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, deni anabaki nalo nani?

#1 Demani, Lamu

Assalamu aleikum jamaa wa pwani na wengineo.

Pale Mkunguni kuna ubishi hauishi. Upande mmoja wanasema Uingereza ilipigwa faini kwa kuuasi Umoja wa Ulaya. Upande wa pili wanasema zile fedha zilikuwa kiingilio cha kurudi sokoni. Sauti ziko juu, mkataba hakuna aliyeufungua. Mimi shughuli yangu ni kuwaandikia watu vitabu vya hesabu, nikaona heri nikae niusome kuliko kukaukiwa na koo.

Tarehe kwanza, maana watu huzichanganya. Kura ilipigwa 23 Juni 2016. Barua ya kutaka kutoka ilipelekwa 29 Machi 2017. Kutoka kwenyewe ni 31 Januari 2020, kisha ukaja muda wa mpito hadi 31 Desemba 2020. Habari za fedha zimo katika Sehemu ya Tano ya Mkataba wa Kujitoa, na humo adhabu hamna. Yaliyomo ni mambo yaliyokwisha kukubaliwa Uingereza ikiwa mwanachama.

Kubwa kuliko yote ni ahadi za bajeti. Ulaya hawaidhinishi fedha na kuzitoa siku ile ile. Mwaka huu wanapitisha mradi wa reli Poland au wa utafiti Ureno, hundi inatoka miaka miwili au mitatu mbele, mkandarasi akishaleta hati zake. Kwa hiyo kila mwaka unafungwa na rundo la ahadi ambazo bado hazijalipwa. Mwisho wa 2020 rundo hilo, kwa umoja mzima, lilikuwa yuro bilioni 303 hivi. Uingereza ilikuwa mezani zikipitishwa. Utaondokaje mkandarasi yuko nusu ya kazi?

Kuna pia pensheni za watumishi wa taasisi za Ulaya, na Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, ambao ndio uliokuwa ukigharimia miradi katika nchi zetu za Afrika, Karibi na Pasifiki. Huo ulikuwa nje ya bajeti ya kawaida, na Uingereza ilikubali kubaki ndani yake mpaka awamu ya 11 ifungwe. Kwa hiyo sehemu ya lile "deni la Brexit" wanalolipigia kelele ilikuwa ni miradi ya huku kwetu.

Karibuni. Matusi wekeni kando.

#2 Kijana wa Langoni

Kaka Demani shukrani, lakini mimi hujanishawishi. Nilisikia hata bunge lao la juu lilisema kisheria hawadaiwi kitu. Sasa kama hudaiwi ukalipa, hiyo si faini ni nini?

#3 Demani, Lamu

Umesikia sawasawa. Machi 2017 kamati ya Baraza la Malodi ilitoa ripoti kwamba chini ya Ibara ya 50 ya mkataba wa Umoja wa Ulaya, ile ya kujitoa, mkitoka bila makubaliano, sheria ya Ulaya haina nguvu ya kuwalazimisha kulipa. Lakini kamati hiyo hiyo ikaonya kwamba kuondoka bila kulipa kutaharibu mazungumzo mengine yote. Watu hunukuu ile nusu ya kwanza, ya pili wanaimeza.

Kisha kuna mpangilio wa mazungumzo. Michel Barnier, mjumbe mkuu wa Ulaya katika mazungumzo, alishikilia mambo matatu yaishe kwanza: haki za raia, mpaka wa Ireland, na fedha. Biashara baadaye. Boris Johnson akiwa waziri wa mambo ya nje, Julai 2017, alisimama bungeni akawaambia Wazungu wenzake wasahau hizo fedha, wapige mluzi tu. Barnier akajibu kwamba yeye hasikii mluzi, anasikia saa ikigonga. Desemba ile ile wakakubaliana.

Kwa hiyo waliosema "kiingilio cha soko" nao hawakukosea kabisa. Kwenye karatasi, fedha hazikuwa bei ya soko. Mezani, bila fedha hakuna mpito, wala mazungumzo ya biashara. Na nchi inayokopa duniani kila wiki haiwezi kujulikana kuwa inaacha ankara mezani ikiondoka.

#4 Mwalimu Mstaafu, Malindi

Hamjambo wanangu. Mimi tarakimu ndizo zinazonichosha. Redio moja inasema bilioni 39, gazeti linasema 47, mwingine 42. Ipi ya kweli?

#5 Mizani, Malindi

Shikamoo mwalimu. Zote ni za kweli, ila hazipimi kitu kimoja.

Bilioni 35 hadi 39 ni pauni. Hayo ni makadirio ya Hazina ya Uingereza ya Desemba 2017, baada ya kutoa kile ambacho Uingereza yenyewe ingepokea.

Bilioni 47.5 ni yuro. Hiyo ilitokea katika hesabu za Umoja wa Ulaya za mwaka 2020, na London wakaikataa wakisema makadirio yao hayajabadilika. Tofauti ilikuwa zaidi katika namna ya kuhesabu: upande mmoja unaandika anachodai, upande wa pili unaandika atakachotoa baada ya kukata chake. Na mkataba unasema mahesabu yote yafanywe kwa yuro. Maana yake pauni ikishuka, mlipa kodi wa Uingereza anaumia bila deni kuongezeka hata senti moja. Sisi Wakenya tunaolipa mikopo ya nje kwa dola tunaujua ugonjwa huo bila kufundishwa.

Bilioni 42.5 ni pauni tena, makadirio ya Hazina ya Julai 2022. Hapa ndipo penye utamu, niruhusuni nirefushe. Kilichopandisha si Ulaya kudai zaidi. Ni pensheni. Pensheni ya mtu atakayestaafu 2040 huwezi kuiandika leo kama ilivyo. Unaipunguza kwa kiwango fulani cha riba ili upate thamani yake ya leo. Kiwango hicho kikishuka, deni la leo linavimba, ingawa mzee atakayelipwa ni yule yule na pensheni yake ni ile ile. Ongeza mfumuko wa bei uliokuwa umeanza kupanda, bilioni kadhaa zinazaliwa juu ya karatasi.

Halafu pensheni hizo hazilipwi kwa mkupuo. Uingereza inalipa fungu lake kila mwaka kadiri wastaafu wanavyolipwa, na makadirio ya kwao wenyewe yanafika miaka ya 2060. Mtoto aliyezaliwa Malindi siku ile wanatoka atakuwa na wajukuu bado kuna karani Brussels anaandika "Uingereza" kwenye leja.

#6 Kijana wa Langoni

Sawa, wanadaiwa. Na wao hawakuwa na mali humo? Miaka 47 ndani ya umoja, majengo yote yale, mabenki yote yale, watoke mikono mitupu?

#7 Mizani, Malindi

Hawakutoka mitupu, ila walichopata wengi wao hawakukifurahia.

Katika Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, Uingereza ilikuwa na hisa asilimia 16 hivi, sawa na Ujerumani, Ufaransa na Italia. Mtaji ilioutoa taslimu ulikuwa yuro bilioni 3.5. Huo inarudishiwa, kwa mafungu 12 ya mwaka: 11 ya yuro milioni 300 kila moja, na la mwisho milioni 196 hivi. Lakini faida zote ambazo benki ilizilimbikiza kwa miongo, hapana. Uingereza ilirudishiwa kile ilichoweka, na ukuaji wake ukabaki kwa waliobaki. Benki Kuu ya Ulaya nayo ilirudisha yuro milioni 58 zilizokuwa zimelipwa na Benki ya Uingereza.

Na juu ya ule mtaji taslimu kulikuwa na ahadi ya zaidi ya yuro bilioni 35 ambazo benki ingeweza kuziita ikizama. Ahadi hiyo haikufutwa siku ya kutoka. Inaendelea kwa mikopo iliyotolewa Uingereza ikiwa ndani, na inapungua mikopo hiyo ikilipwa. Waliowahi kumdhamini mwenzao kwenye sako wanaelewa: unaweza kuandika barua ya kutoka, lakini hisa zako haziachiliwi mpaka uliyemdhamini amalize au apatikane mdhamini mwingine.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui: faini ambazo Ulaya iliyapiga makampuni kwa kuvunja sheria za ushindani kabla ya mwisho wa 2020, Uingereza ina fungu lake humo pia. Kwa hiyo kama kuna faini katika habari hii, kuna ambazo Uingereza ilipokea.

#8 Mchuuzi wa Casuarina

Niko na mzee Mwingereza, namtunzia nyumba huku Malindi. Siku moja nimemtajia hii habari ya pensheni za Brussels akataka kunitupia kikombe. Serikali yao haiwaongezei pensheni ya taifa wale wanaoishi Kenya. Kiasi ulichohamia nacho ndicho utakachozikwa nacho. Ni sheria yao ya zamani, haihusiani na Brexit kabisa, lakini mwambie hivyo kama hukitaki kikombe chenyewe.

Nilichotaka kuongeza ni kile kisa cha forodha. Mliobandarini mtakielewa. Kwa miaka, nguo na viatu kutoka China viliingia Ulaya kupitia Uingereza kwa bei iliyoandikwa chini mno kwenye hati. Asilimia 80 ya ushuru wa forodha ilikuwa mali ya Ulaya, nchi inabaki na 20 ya gharama za kukusanya. Kwa hiyo hati ikidanganya, anayeibiwa ni umoja. Kesi ikaenda Mahakama ya Haki ya Ulaya, hukumu ikatoka Machi 2022, nchi imeshatoka miaka miwili. Na wakalipa. Takriban pauni bilioni 2.3 pamoja na riba, wakamaliza mwanzoni mwa 2023.

Hii ndiyo ningeiita faini, kama lazima tupate faini mahali. Lakini ni ya kulala langoni wakati makontena yanapita. Kutoka hakuhusiki.

#9 Ami wa Mkomani

Wanangu, yeo nami niingie. Nyote mwazungumza ya Wazungu kana kwamba sisi hatujatoka popote.

Mwaka wa 1977 nalikuwa kijana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa, marehemu ndugu yangu alikuwa mwajiriwa wa shirika moja la Jumuiya. Shirika lilikuwa la nchi tatu, na ghafula likawa si la yeyote. Kila ofisi aliyokwenda kuulizia haki zake alielekezwa ofisi nyingine, na nyingine ikawa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Hakukuwa na Sehemu ya Tano wala ya Sita. Kila serikali ilikamata kilichokuwa juu ya ardhi yake.

Mwasema Waingereza walionewa. Wao wali na karatasi. Mtu wetu hakuwa nayo.

#10 Demani, Lamu

Ami, Mungu amrehemu ndugu yako. Umeuleta uzi mahali nilipotaka ufike.

Kwa wasiokuwapo: Jumuiya ya kwanza iliundwa kwa mkataba wa Kampala wa Juni 1967. Reli makao yake Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, ndege Nairobi. Mapema 1977 East African Airways ikaanguka, Kenya ikaanzisha Kenya Airways, Tanzania ikafunga mpaka, na katikati ya mwaka Jumuiya ikawa imekwisha. Nyerere na Amin hawakuwa wamekaa meza moja tangu 1971, kwa hiyo hata kikao cha kuzika maiti hakikuwezekana.

Akaletwa Mswisi, Victor Umbricht, awe msuluhishi. Kazi yake ilikuwa ile ile waliyoifanya London na Brussels baadaye: kuna nini, kina thamani gani, nani alikopa, nani atalipa. Katikati vikaja vita vya Uganda na Tanzania. Makubaliano yalitiwa saini Arusha 14 Mei 1984, na Moi, Nyerere na Obote. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32, Uganda 26. Na kwa kuwa vitu vilivyokuwa ndani ya Uganda havikufika fungu lake, Kenya na Tanzania zikatakiwa kuifidia.

Yaani Waingereza walibishana tangu barua ya Machi 2017, wakakubaliana Desemba ile ile. Sisi ilituchukua karibu miaka saba. Na hata baada ya saini, wazee waliofanya kazi Jumuiya waliendelea kudai. Upande wa Tanzania walikuwa bado mahakamani na barabarani Dar es Salaam katika miaka ya 2000, wengine wakiwa na mikongojo.

#11 Mwalimu Mstaafu, Malindi

Ndiyo maana mkataba mpya, ule wa 30 Novemba 1999, umeandika mlango wa kutokea. Nilikuwa nikiufundisha. Ibara ya 145: bunge la nchi lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha Katibu Mkuu apewe notisi ya miezi 12. Katika miezi hiyo unaendelea kudaiwa kila kitu. Na yale ya muda mrefu uliyoyakubali ukiwa mwanachama yanakufuata hata ukishatoka.

Sasa someni 149. Mali ya Jumuiya iliyo katika nchi yako inabaki ya Jumuiya. Na wewe uliyetoka huna dai juu ya mali yoyote ya Jumuiya popote.

Hapo sijaridhika. Madeni yanakufuata, mali inabaki. Uingereza angalau ilirudishiwa mtaji wake. Nchi ikitoka kwetu hata kiti haichukui.

#12 Kijana wa Langoni

Mwalimu, hiyo sasa ndiyo faini niliyokuwa nikiitafuta. Nilikuwa naitafutia Ulaya, kumbe iko Arusha.

#13 Ami wa Mkomani

Mimi naiunga mkono 149. Mwaka wa 1977 kilichotuua ni kila mtu kushika cha karibu. Mabehewa huku, ndege kule, meli za ziwani kwingine. Hao waliosalia nao wana watumishi na wapangaji na wateja. Ukitoka, toka, waache watu wafanye kazi.

#14 Mwalimu Mstaafu, Malindi

Ami, kuacha kitu kifanye kazi nakubali. Lakini kinaweza kubaki na mwenye fungu akafidiwa fedha. Ndivyo Umbricht alivyoifanyia Uganda, na ndivyo benki ya Ulaya inavyofanya kwa mafungu ya kila mwaka. Waandishi wa 1999 walikuwa na mfano wao wenyewe kabatini wakachagua ulio mkali zaidi. Nadhani walitaka kutisha.

#15 Mchuuzi wa Casuarina

Na Lamu je? Bandari ilipangwa pamoja na Ethiopia na Sudan Kusini, wakaja wakuu watatu Machi 2012 kuweka jiwe. Baadaye ikasemwa mafuta ya Uganda yatapita huku, 2016 Uganda ikachagua Tanga. Nani alitakiwa kutulipa?

#16 Mizani, Malindi

Hakuna, na hapo ndipo unapoona ahadi iliyosainiwa na kupitishwa katika bajeti inavyotofautiana na maafikiano yenye masharti. Uganda haikutoka katika umoja wowote, ilibadili njia. Ukitaka mtu alipe akigeuka, uandike kabla hujachimba.

Wanaotoka kwelikweli ni Mali, Burkina Faso na Niger. Walitangaza Januari 2024, wakatoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, mwaka mmoja baadaye. Mkataba wa ECOWAS pia unataka notisi ya mwaka, na wao mwanzoni walisema wanatoka papo hapo. Huko kuna benki ya pamoja, watumishi raia wa nchi hizo, na ushuru wa asilimia 0.5 kwa bidhaa za nje uliokuwa ukiichangia ECOWAS. Walipotoka wakaanzisha ushuru wao wa asilimia ile ile. Mfanyabiashara wa Niamey pengine hakuona tofauti dukani.

#17 Demani, Lamu

Nimebaki na swali moja, na mwalimu ndiye wa kulijibu. Ulaya walipokata fungu la Uingereza walichukua wastani wa michango yake ya 2014 hadi 2020, na michango hiyo inafuata ukubwa wa uchumi. Umbricht alitoa 42, 32 na 26. Jumuiya ya sasa, kwa miaka mingi nchi zote zilitakiwa kuchangia sawa, Burundi sawa na Kenya. Basi "yale ya muda mrefu" ya Ibara ya 145 yatakatwa kwa kipimo kipi?

#18 Mwalimu Mstaafu, Malindi

Ibara haisemi. Ikichukuliwa michango hiyo ya usawa kama msingi, Burundi ikitoka inabeba deni sawa na la Kenya, na uchumi wake ni kipande kidogo cha wetu. Na kuna nchi zenye malimbikizo ya miaka, Sudan Kusini ikiwamo, ambazo hata kabla ya kuzungumzia kutoka zinadaiwa michango ya kubaki. Hao ukiwapelekea ankara ya aina ile ya London, watalipa na nini?

#19 Kijana wa Langoni

Kwa hiyo ili utoke lazima kwanza uwe na pesa za kutoka. Mwenye malimbikizo anabaki ndani kwa sababu hamudu nauli.

#20 Mizani, Malindi

Au anabaki halipi, na wanaolipa wanambeba. Ibara ya 146 inaruhusu kumsimamisha asiyetimiza wajibu wake, wa fedha ukiwamo. Nionyesheni nani amesimamishwa.